Japani ya Saa Saba Mchana

"Ojera, leo mchana nimekupigia mara nne. Ulikuwa wapi?"

"Kwenye redio, Lamwaka. Nilimpata Mjapani. Kama huniamini, daftari lile pale."

Huyo ndiye mume wangu. Polisi mstaafu, alikuwa mtu wa mawasiliano, na hapa nyumbani Kyebando ana redio yake ya leseni ya kuongea na watu wa mbali. Mimi nauza maharage sokoni Kalerwe. Nikirudi jioni nakaa pembeni yake na hedifoni ya pili, mwaka wa sita huu. Adabu yao naijua: unasikiliza kwanza, unauliza kama masafa yana mtu, unataja kituo chako mara moja, unanyamaza. Ukijibiwa ndipo unaandika. Usiyemsikia humwandiki! Ojera alimfokea rafiki yake Ongom kwa kosa hilo hilo mpaka wakanuniana.

Nikafungua daftari.

"Saa saba mchana, masafa ya mita arobaini, Japani?"

"Ndiyo."

"Alisikika vizuri?"

"Safi kabisa."

"Banange, Ojera! Mchana mita arobaini zinafika Nairobi, zinachoka. Japani tunaipata jua likizama. Si wewe uliyenifundisha?"

Akaanza kuchezea kitufe cha redio, na redio yenyewe imezimwa.

"Pengine nilikosea kuandika."

"Umekosea saa, au umekosea Japani?"

Nilitamani acheke, aseme alipitiwa na usingizi akaona aibu. Ningemsamehe hapo hapo, haki ya Mungu. Nampenda huyu mtu. Lakini simu yake ikalia mezani, ujumbe umeingia. Nikaiwahi.

"Papa Ojera, umesahau koti huku Nateete. Kesho kuja saa saba kama kawaida. Huguette."

"Lamwaka, nipe simu. Nitakueleza."

"Eleza huku napiga."

Ikaita mara moja tu.

"Alo, papa?" Sauti ya Kikongo, laini, ya mtu mwenye furaha zake.

"Si papa. Ni mke wake, Lamwaka."

 

"Mama, usinichezee. Lamwaka alishakufa. Papa alilia hapa kwangu, mwezi wa pili. Tulimwombea misa. Mimi mwenyewe niliwasha mshumaa."

Nikaketi. Nilikuwa nimemwandalia matusi ya wiki nzima, yote yakanipotea.

"Asante, dada," nikasema. "Lakini nipo."

Akaanza kulia. Nikakata simu.

Ojera alikuwa amepiga magoti sakafuni.

"Nisamehe. Neno lilinitoka tu siku ile, nikashindwa kulirudisha."

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Lamwaka, tafadhali."

"Nauliza. Niliugua nini?"

"Figo," akasema.

"Niliugua muda mrefu?"

Akafunika uso. Hapo ndipo nilipolia, kwa sababu nilielewa kwamba alikaa chini akapanga, akanichagulia na ugonjwa, halafu jioni akaja kula posho, ugali niliousonga mimi.

Nikachukua kitambulisho changu, magauni mawili ya gomesi na viatu vya kanisani. Nikampigia dada yangu Docus anitandikie kitanda.

"Unaniacha peke yangu?" Ojera akauliza, bado kapiga magoti.

"Ndiyo," nikamwambia. "Baki na msiba wako."