Ulanzi wa Jana

Kila asubuhi ya msimu wa mvua, Verediana na dada yake Apolonia walikwenda kugema ulanzi kwenye mianzi ya baba yao, karibu na Mafinga. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu, hata watoto huunywa. Ukishalala unachacha na kuwa pombe kali, na huo ni wa watu wazima.

Siku moja mchana, pamoja na mama yao na wanawake wengine, walikuwa wakimsaidia jirani kupalilia mahindi. Edmund, mzee wa kanisa na rafiki wa baba yao waliyemwita baba mdogo, alimwita Apolonia kando ya ghala, akampa kibuyu akimwambia ni ulanzi wa asubuhi ile. Apolonia, msichana wa miaka kumi na mitano, aliona unawasha ulimi. Lakini nani angembishia baba mdogo? Akanywa.

Verediana alipomfuata, alimkuta dada yake anayumba. Edmund alikuwa amemshika mkono, anamvutia ghalani.

"Niache, baba mdogo," Apolonia alisema kwa ulimi mzito.

"Si umekunywa mwenyewe?" Edmund alicheka. "Na wewe mdogo, nenda kapalilie. Dada yako anataka kupumzika."

Verediana alisikia harufu ya kibuyu: ulanzi wa jana. Alimkumbatia dada yake kiunoni, akamwita mama, akaita tena na tena, mpaka wanawake wakaja na majembe yao. Edmund akauachia ule mkono.

Jioni baba hakuuliza habari za Edmund. Aliuliza kwa nini Apolonia alikunywa, akataka jambo liishe kimyakimya. Apolonia aliinama kama mwizi.

Mama aliweka mwiko chini. "Baba Apolonia, muulize aliyempa. Hata angekunywa pipa zima kwa kupenda kwake, hakumpa mtu ruhusa ya kumgusa."

Kesho yake mama alikwenda peke yake kwa jumbe wa kijiji. Wazee wa kijiji na wa kanisa waliwasikiliza wasichana, na Edmund akavuliwa uzee wa kanisa. Hata hivyo, kisimani wapo waliomcheka Apolonia, naye hakurudi tena mianzini.

Verediana alimuuliza mama kama alikosea kupiga kelele.

"Hukukosea," mama alisema. "Mtu aliyelewa hawezi kukubali, na aliyesema niache amekataa, awe amelewa au hajalewa. Aibu ni ya Edmund. Ukiona hivyo tena, ita watu, hata kama ni mtu tunayemheshimu."

Baba alisikia yote. Alfajiri alikwenda mianzini mwenyewe, akarudi na kikombe cha ulanzi mtamu, akamwekea Apolonia mlangoni. Apolonia hakukigusa.