Fundo Begani mwa Msusi

Msuli uliruka kabla sindano haijaugusa.

Mtaalamu wa misuli alisita, mkono ukaganda hewani. Wagonjwa wake walimwita Sindano, na jina likamkaa, maana mwaka wa tisa huu alikuwa akitibu mabega na viuno kwa sindano kavu. Ni nyembamba kama unywele, haina dawa ndani yake. Inazama mpaka kwenye fundo la msuli, fundo linashtuka mara moja, kisha linalegea. Lakini msuli wa kuruka kwa kuonyeshwa tu sindano, huo hakuwahi kuuona.

"Tayari?" aliuliza dada yake, kalala kifudifudi kitandani.

"Hata sijakugusa, Dada."

"Acha utani, mdogo wangu. Mwenzio naumia."

Dada alikuwa msusi. Kutwa anasimama na mikono juu, kichwa hiki kikitoka kingine kinakaa, na bega la msusi kukaza halikuwa jambo la kumshangaza mtu. Sindano alilibana fundo kwa vidole viwili, akachoma. Fundo likamponyoka. Liliteleza chini ya ngozi kama panya chini ya zulia, likajibanza karibu na uti wa mgongo. Alipolifuata huko, likarudi begani. Kisha likaanza kupiga: kulia, kati, kushoto, kulia, kati, kushoto. Chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua.

Sindano aliyajua mapigo yale. Yeye na dada yake walisukana tangu wadogo, na hivyo ndivyo vidole vinavyokwenda.

"Dada," alinong'ona, "unamsuka nani?"

Mabega ya Dada yalianza kutikisika, na Sindano akajua kwamba analia.

"Alikuja saa saba mchana, wenzangu wametoka kula," alisema hatimaye, sauti ikizibwa na kitanda. "Mwanamke tu, kama mteja yeyote. Akakaa, akanipa mgongo, akasema hataki kioo. Nikaanza. Kila nikidhani nimefika mwisho wa nywele, naona bado zipo. Akasema atarudi kesho tumalizie. Leo wiki ya tatu, anarudi kila siku. Wenzangu hawamwoni. Mwanzo walicheka eti nasuka hewa. Sasa hawacheki tena, wanahama."

"Uso wake ukoje?"

"Sijauona. Nimekizunguka kile kiti, mdogo wangu. Kila upande ni kisogo."

Jioni hiyo hiyo walikwenda kwa mganga, mzee mmoja mpole, ambaye alilitazama bega la Dada kwa mbali wala hakukubali kulishika.

"Huyo ni jini, na amejifunga hapo," alisema. "Kila msuko dada yako anaousuka kule, jini anajisuka mwenyewe huku begani. Siku nywele zikiisha kusukwa, wataondoka wote wawili."

"Tufanyeje, babu?"

"Nywele zifumuliwe, zote. Dada yako hawezi, mikono yake si yake tena. Utafumua wewe, damu yake. Na yule asije akajua wewe ni nani wala unafanya kazi gani."

Kesho yake, saa saba, saluni ilikuwa tupu. Mlango haukufunguka, lakini kiti kililalamika kama kinavyolalamika kikikaliwa, harufu ya kuungua ikatanda, na Sindano akamwona: mgongo ulionyooka, misuko myembamba mamia kwa mamia ikishuka mpaka sakafuni. Dada alinyoosha mikono kama mtu aliye usingizini. Sindano akamsukuma kando, akatwaa kitana chenye mkia, akaanza kufumua.

Alifumua msuko baada ya msuko, na kila mmoja ulipoachia Dada aliguna kama anayeng'olewa jino, na nywele zilizofumuliwa zilimpanda Sindano mikononi, baridi, zikijizungusha kwenye vifundo vya mikono kana kwamba zinampapasa kutaka kumjua, naye hakuthubutu kuzikung'uta wala kupumua kwa nguvu, akafumua mpaka kucha zikachanika, mpaka jua likahama dirisha, mpaka hakujua tena kama wanaoguna ni wawili au watatu.

Ulipobaki msuko mmoja, kichwa kiliinama kidogo.

"Mkono mwepesi huu," sauti ilisema taratibu. "Wa nani?"

Sindano aliuma midomo. Lakini Dada, nusu yuko nusu hayupo, alijibu kwa adabu ile ile anayowajibu wateja wote:

"Mdogo wangu huyo. Anatibu misuli."

"Aa," ilisema sauti.

Sindano aliuvuta msuko wa mwisho ukafumuka. Kiti kikawa kitupu. Dada alianguka magotini, akanyanyua mkono wa kulia juu ya kichwa, kisha akauzungusha, akicheka na kulia pamoja. "Haliumi! Jamani, haliumi!" Walikumbatiana pale sakafuni, na Sindano alilipapasa lile bega kila mahali. Lilikuwa laini kama la mtoto.

Wiki nzima ikapita kwa amani. Dada alirudi kusuka, wenzake wakarudi saluni. Sindano peke yake ndiye hakutulia. Alikuwa akiamka kabla ya alfajiri bila sababu, na kazini akawa anageuka kila mlango ulipolia.

Siku ya nane, mchana, alitoka kunawa mikono akakuta mgonjwa kashalala kitandani, shuka mpaka kiunoni, ilhali hakuna aliyeandikishwa saa ile. Kitanda chake kilikuwa na tundu la kuwekea uso. Nywele zilipita kwenye tundu lile, zikamwagika sakafuni, zikaenea mpaka chini ya kabati.

"Nimesikia huku mnafungua mafundo," sauti ilisema. "Mimi ninayo mengi. Anza popote."

Sindano alitaka kukimbia, na miguu ikamtii, ikapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Mkono wake wa kulia haukwenda naye. Ulikuwa umeshachana pakiti, ukatoa sindano ya kwanza.