Fimbo za Kupuria Maharage

Pikipiki ilizimika kando ya uwanja wa kupuria maharage, pale Izia. Mwanamke ambaye hakuna aliyemfahamu akashuka, akiuliza njia ya kwenda shuleni. Coleta, aliyekuwa akipura pamoja na bibi yake, aliposikia kwamba mgeni ni mtaalamu wa macho, fimbo ilimponyoka mkononi.

"Na huyu ana nini, bibi?" mgeni aliuliza. Rahel, binti wa shangazi yake Coleta, alikuwa amejikunyata ukutani, jicho moja amelifunika kwa kiganja. Tangu asubuhi alikuwa akitapika.

"Vumbi la maharage," bibi alijibu, akikamulia majani kikombeni. "Namtilia dawa sasa hivi."

"Subiri kidogo, bibi yangu." Mgeni alipiga magoti, akamulika kwa tochi. Duara la kahawia la jicho lilitetemeka kama maji ndani ya bakuli. Akazima tochi.

"Vumbi halifanyi hivi. Lenzi, kile kioo kidogo cha ndani, imeng'oka mahali pake. Jicho linajaa maji na kuwa gumu. Tukichelewa, litakufa. Nani alimpiga?"

Rahel alimtazama Coleta. Walikuwa wamekubaliana wasiseme.

"Ni mimi," Coleta alisema. "Bibi alipokwenda kisimani juzi, tulipigana vita vya fimbo. Mimi ndiye niliyesema tusingizie vumbi."

Bibi akamwaga majani chini.

"Watalitoa jicho langu?" Rahel alilia.

"Hapana, mama. Daktari atafanya upasuaji, aiondoe lenzi iliyong'oka, aweke ya bandia. Lakini tuondoke sasa."

Rahel alimng'ang'ania Coleta. "Wakifungua bandeji, uwepo."

"Nitakuwepo."

Baada ya upasuaji, bandeji ilipangwa kufunguliwa Jumamosi asubuhi, wakati ambao wanariadha wa shule walikuwa wanasafiri kwenda Mpanda kwenye mashindano. Coleta ndiye aliyekuwa mkimbiaji wao tegemeo.

"Acha utani, Coleta!" nahodha wao, Kelvin, alifoka. "Kwani bandeji haitafunguka bila wewe?"

Coleta alimkabidhi jezi yake, akaelekea hospitalini.

Nesi aliondoa pamba taratibu. Rahel alipepesa, akapepesa tena.

"Kuna ukungu," alinong'ona. "Lakini naona kitu chekundu... sweta lako!"

Bibi alijifuta machozi kwa kanga. "Mtu akiumia, semeni palepale, hata kama kosa ni lenu. Mngeficha zaidi, tungelizika jicho hili. Nami sitatia tena majani jichoni mwa mtoto."

Nje, gari la wanariadha lilipita likipiga honi, likielekea barabara kuu. Coleta hakugeuza kichwa. Mkono wa Rahel ulikuwa bado ndani ya wake.