Barua ya Mpangaji wa Chini

Natangaza rasmi, kwa heshima zote za shule yangu ya bweni, kwamba mimi, Fiachra Noone, mwenye umri wa miaka kumi na minne, sijawahi kumwogopa marehemu yeyote. Tangazo hili lilikuwa kweli mpaka tarehe thelathini Desemba, saa kumi jioni.

Ilikuwa likizo ya Krismasi. Mama, mdogo wangu Sadhbh wa miaka tisa na mimi tunapanga ghorofa ya juu ya nyumba kongwe hapa Ballinasloe. Ghorofa ya kati anakaa Mzee Duignan, aliyegawa barua za mji huu miaka thelathini na minane kabla ya kustaafu. Chini kabisa, ukishuka ngazi za mawe zilizoota kuvu, ni kwa Bi Attracta Tuohy. Bi Tuohy alifariki Aprili ya mwaka juzi. Vyombo vyake bado vimo, na mlango umefungwa tangu siku hiyo.

Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kuokota barua ukumbini. Siku tatu kabla ya Krismasi nikaokota bahasha ya kaki iliyoandikwa: "Kwa Mpangaji, Nyumba ya Chini." Nikatabasamu. Mpangaji gani?

Nyuma ya nyumba kuna kidirisha kisichofunga vizuri. Nikaingia kwa Bi Tuohy, nikapitisha uzi wangu wa kuvulia samaki kwenye tundu la barua la mlangoni, nikatoka kidirishani na ncha ya pili. Bahasha nikaifunga uzi, nikaichomeka nusu tunduni. Kisha nikamwita Sadhbh.

"Nenda kaniletee barua iliyokwama kwa Bi Tuohy."

"Nenda mwenyewe! Kwani una miguu ya mbao?"

"Unaogopa?"

Akashuka. Mimi nikazunguka nyuma, nikavuta uzi taratibu. Kule mbele, bahasha ikaanza kuingia ndani polepole, kama inayopokelewa na mkono wa mgonjwa. Sadhbh alipiga ukelele mpaka kunguru wakaruka. Uzi ukakatika, bahasha ikabaki sakafuni ndani, nami sikujali. Nilikuwa nimeshiba kicheko.

"Ameipokea," Sadhbh alininong'oneza usiku ule. "Fiachra, amepokea barua yake."

"Basi ataijibu," nikasema.

Tarehe thelathini, baada ya chakula cha mchana, mama aliketi mezani na kompyuta.

"Mama, unafanya nini?" Sadhbh akauliza.

"Naomba nipunguziwe kodi kwa sababu ya kodi."

"Kodi inapunguza kodi?"

"Ninayomlipa mwenye nyumba inapunguza ile ninayokatwa na serikali kazini. Yuro mia tano za mwaka wa kwanza wa nafuu hii, miaka minne iliyopita, na mwisho wa kuziomba ni kesho. Nikizipata, gari litapata matairi. Nisipozipata, halitapita ukaguzi, na kazini kwangu, hospitalini Galway, nitakwenda kwa miguu."

Fomu ilitaka nambari ya usajili wa upangaji wetu. Bwana Lavelle, mwenye nyumba, alikuwa ametusajili Desemba hiyo tu, baada ya mama kumpigia simu mpaka akachoka. Mama akampigia tena, huko Uhispania alikokwenda kuota jua.

"Nambari hutumwa kwa barua, Bríd. Imeshafika!"

"Haijafika, bwana."

Mama akafungua daftari la wapangaji mtandaoni. Akakunja uso, akasoma tena. "Juu hakuna mtu. Aliyesajiliwa yuko chini."

Chumba kikawa baridi. Sadhbh akashika mkono wa mama. "Ni Bi Tuohy. Bado anapanga."

"Lavelle ameandika msimbo wa posta wa chini badala ya wetu," mama alisema, ingawa sauti yake ilikuwa nyembamba. Kwetu kila makazi yana msimbo wake, hata yakiwa chini ya paa moja. "Kwa hiyo kwenye karatasi, sisi ndio tunaokaa kule. Na ofisi ya usajili imefungwa mpaka Januari. Mmeona barua yoyote ya chini?"

Huo ndio wakati ambao kijana mwema angesema. Mimi nilisema, "Naenda kuangalia mvua."

Nikakimbia nyuma ya nyumba. Kidirisha kilikuwa kimepigiliwa misumari. Nikachungulia kiooni. Giza lilikuwa linashuka. Sakafuni, pale barua ilipoanguka, hapakuwa na kitu. Barua ilikuwa mezani, imenyooshwa vizuri mbele ya kiti cha Bi Tuohy. Juu ya barua ilikuwa miwani yake, imefunguliwa tayari kwa kusoma.

Kisha mlango wa ndani ukafunguka polepole.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Nilivuta mimi! Nisamehe Bi Tuohy, barua si yako, ni ya mama!"

Taa ikawaka. Mlangoni alisimama Mzee Duignan na funguo alizoachiwa na mwenye nyumba, nyuma yake mama na Sadhbh, aliyekuwa amewaambia barua ilikoingia.

"Haya, kijana," akasema Mzee Duignan, nilipokwisha kuingia kwa mlango wa mbele kama washtakiwa wote. Akainua bahasha. Pembeni ulining'inia uzi wa kijani. "Nilikuja kukagua mabomba yasigande, nikaikuta sakafuni. Barua isiyo na jina langu siifungui. Lakini nikajua mwenye uzi atarudi, nikapigilia kidirisha, nikamwekea miwani."

Mama akaifungua. Nambari ilikuwamo. Aliijaza fomu na kuituma jioni hiyohiyo, na Januari Bwana Lavelle akasahihisha msimbo.

"Fiachra Noone," mama alisema. Akitaja majina yote mawili, simama wima. "Mzaha ulikuwa mzaha. Ila nilipokuuliza ukanyamaza, pale uligeuka mwongo, na mimi ndiye ningelipia."

"Karatasi ya mtu ni riziki ya mtu," Mzee Duignan akaongeza. "Ukiikuta, mfikishie. Ukiipoteza, sema siku hiyohiyo."

Nimeandika haya kwa amri ya mama. Sadhbh anasoma begani kwangu, na anasema sijamaliza. Haya basi, nakiri: tulipopanda ngazi zile za mawe, aliyeomba kushikwa mkono nilikuwa mimi.