Bidoni ya Mawese kwenye Gari la Harusi

Kila Jumamosi asubuhi Ketsia alifagia garaji ya Baba Mdogo Placide, pale mjini Baraka, kisha akapangusa vumbi kwenye gari ambalo mji mzima ulilijua kwa jina la Mwingereza. Lilikuwa gari dogo la zamani, lililoundwa Uingereza kwa watu wapendao kukimbia: pua ndefu, viti viwili, paa hakuna. Lakini wewe nawe, utakimbilia wapi kwenye barabara za mashimo za Fizi? Basi Mwingereza alibaki na kazi moja tu, kubeba maharusi.

Jumamosi ile alikuwa anaolewa Nadège wa Swima. Kiangazi kilikuwa kimepamba moto, vumbi jekundu kila mahali, na kile kifaa cha kurushia maji kwenye kioo cha mbele kilikuwa kimekufa. Baba Mdogo na fundi wake kijana, Haruna, walifungua boneti tangu alfajiri. Pampu ilikuwa nzima, ile ya kusukuma kwa kidole. Mipira ya kupitisha maji ndiyo iliyopasuka, na chupa ya maji ilikuwa na ufa. Haruna alikata mpira mpya, akazibua vitundu vya kurushia maji kwa sindano ya kushonea. Ikabaki chupa. Mama Arlette, jirani aliyeuza mawese, yale mafuta mekundu ya michikichi, akawapa bidoni yake ndogo ya manjano, kidumu alichokuwa akitilia mawese.

"Ketsia," Baba Mdogo aliita. "Kaoshe hii na maji ya moto na sabuni. Mawese ni mabishi, tena asubuhi hii ya baridi yameganda."

Maji ya moto yalitaka kuwasha moto, na kuwasha moto kulitaka kupuliza makaa. Huku nje rafiki yake Zainabu alikuwa anamwita wakasukwe nywele. Ketsia alitia maji baridi kwenye bidoni, akatikisa, akamwaga. Kwa kuwa bidoni yenyewe ilikuwa ya manjano, mafuta yaliyoganda pembeni hayakuonekana.

"Iko safi?"

"Iko safi, Baba Mdogo. Nimeosha na maji ya moto."

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Haruna akaifunga bidoni mahali pake, akaijaza maji, akasukuma pampu. Maji yakaruka kwenye kioo, safi kabisa. Ketsia akaenda zake kusukwa.

Mchana watu walijipanga kandokando ya barabara kumngojea bibi harusi, Ketsia na Haruna wakiwa miongoni mwao. Mwingereza alitokea, Baba Mdogo kwenye usukani na Nadège kando yake, pikipiki zikimfuata kwa honi, vumbi likitangulia. Baba Mdogo akasukuma pampu mara ya kwanza, akasukuma tena. Lo! Joto la injini lilikuwa limeshayayeyusha yale mawese, nayo yakaelea juu ya maji. Maji ya chini yalikuwa yamekwisha kwa kuoshea vumbi njiani, basi pampu ikanyonya mafuta. Kioo kizima kikageuka chekundu, na kwa jua lile Baba Mdogo hakuona mbele.

Gari liliacha njia, likaenda moja kwa moja alipokaa bibi mmoja mzee, Mama Georgette, akianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Watu walipiga mayowe. Breki zikashika, magurudumu yakasimama juu ya zile ndagala, karibu kabisa na miguu ya yule bibi. Nadège alikuwa mzima, ila matone ya mawese yaliruka juu ya kioo yakatua kwenye gauni lake jeupe.

Baba Mdogo alishuka mbio. "We Haruna! Uliweka nini humu?"

"Maji tu, patroni," Haruna alimjibu bosi wake.

"Maji gani ya namna hii? Ulitaka kuniulia watu? Usikanyage tena kwenye garaji yangu."

Haruna alimtazama Ketsia mara moja. Kisha akainamisha kichwa, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimsengenya. Ketsia alitaka kusema, lakini ulimi ulikuwa mzito. Aliona haya mbele ya bibi harusi na mbele ya watu wote wale. Akajificha nyuma ya Zainabu.

Kwenye karamu alipewa wali na samaki, akavisogezasogeza tu sahanini. Kila aliposikia mtu akisema "yule fundi muzembe," uso ulimwaka. Zainabu alimwuliza kama anaumwa. Ketsia aliiacha sahani, akaenda mpaka meza ya wazee.

"Baba Mdogo, ni mi. Sikuosha na maji ya moto. Nilikudanganya."

Baba Mdogo akamgeukia. "Na pale barabarani kwa nini hukusema?"

"Niliona haya."

"Uliona haya, ukamvika Haruna haya hiyo yako," alisema Baba Mdogo taratibu. Akajishika kichwa. "Na mi nikamhukumu bila kumsikiliza."

Baba Mdogo na Ketsia walimkuta Haruna barabarani, amechuchumaa na Mama Georgette, wakichambua ndagala zilizosalia kwenye mchanga. Baba Mdogo hakumwambia neno pale. Alimchukua yeye na yule bibi mpaka karamuni, akaomba ngoma zinyamaze. Ketsia akasema kosa lake tena, machozi yakimtoka, wote wakisikia. Baba Mdogo naye akaomba msamaha: "Nilimtukana mbele yenu, sitamwomba radhi kichochoroni. Kesho arudi kazini. Na ndagala za Mama Georgette, mi na Ketsia tutazirudisha."

"Nilijua ni we," Haruna alimwambia Ketsia. "Nilingoja useme."

Nadège, na madoa yake kwenye gauni, akasogea ili Haruna na Mama Georgette wapate nafasi ya kukaa.

Baba Mdogo akawageukia watoto waliokusanyika. "Batoto, mafuta kwenye kioo yanatoka na sabuni. Jina la mtu likichafuka, sabuni yake iko moja tu: kinywa cha yule aliyelichafua. Asipofungua kinywa, mwenzake atatembea na uchafu ule mpaka kaburini."