Waliokuja Kututazama

Ilianza harufu. Mama mmoja fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliisikia mchana kweupe akipinda sketi ya mteja: harufu ya masizi ya zamani yaliyomwagiwa maji. Alikwenda jikoni, akakuta jiko halijawashwa tangu asubuhi. Akafungua madirisha, akarudi kwenye cherehani yake amenuna. Siku hizo alikuwa na hasira na kila kitu, na chanzo cha hasira zote hizo kilikuwa mume wake.

Mume huyo watu walimwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni waliokuja bondeni kutazama vijiji vya kale vilivyolizunguka: kuta za mawe, visima vilivyokauka, milango mifupi. Kazi nzuri, na aliiweza. Lakini mwaka huo aligundua kwamba wageni hupiga miayo wakiambiwa kuwa watu walihama kwa kukosa maji. Basi, kwenye nyumba ya mwisho ya kijiji cha juu, akatunga lake. Mama wa nyumba hii, alisema, alimziba mwanawe pumzi kwa mto, kisha akakaa akimwimbia mpaka kukakucha. Miayo ikaisha.

Mama huyo alikuwa mama yake bibi yake Fundi. Alikufa kwa homa, yeye na mtoto wake mchanga, siku moja. Redio alilijua hilo tangu enzi za uchumba.

"Baba Kidoti, ule ni uongo, tena wa kumchafua bibi yangu," mkewe alimwambia.

"Ameshakufa, Mama Kidoti. Atanishtaki wapi?"

Fundi akanyamaza kwa ajili ya amani ya nyumba, na amani yenyewe asiipate.

Siku chache baadaye harufu ilirudi alasiri, na safari hii ilikuja na sauti.

"Taratibu, jamani, angalieni vichwa, mlango ni mfupi."

Ilikuwa sauti ya Redio, ile ya kazini, yenye tabasamu ndani yake. Fundi alidhani amewaleta wageni nyumbani bila taarifa, akainuka tayari kumpa vidonge vyake. Sebuleni hapakuwa na mtu. Lakini palikuwa na joto, joto la chumba kilichojaa watu waliobanana, na nyayo nyingi zilikuwa zikiburuzika sakafuni, zikimzunguka, zikisimama, zikisogea tena.

"Na hapa ndipo alipokuwa akishona yule mwanamke," sauti ilisema karibu na sikio lake. "Mtazameni, ila msimguse."

Wengi wakacheka, kwa chini.

Alimpigia mumewe simu. Redio alipokea akihema, upepo wa mlimani ukivuma nyuma yake. "Niko huku juu na wageni. Kwani vipi?"

Kuanzia hapo walikuja kila alasiri, wakapita sebuleni, wakapita jikoni, wakasimama mlangoni pa chumba cha mtoto, na sauti ya Redio ikawaeleza kila kitu kama vile wenye nyumba walikwishaoza zamani, nani alikula wapi, nani alikuwa mvivu, nani alinuna, mpaka siku moja Fundi, akiwa ameegemea ukuta na mkono mdomoni, akaisikia ikisema taratibu kwamba hapa ndipo alipolala yule mtoto, na kwamba mama yake ndiye aliyemfunika mto usoni.

Siku hiyo hiyo Kidoti, binti yao wa miaka sita, akashikwa na homa. Alivuta pumzi kwa shida, kama aliyekaliwa kifuani.

"Mama, wanakuja kunitazama," alinong'ona. "Wanasubiri."

"Wanasubiri nini, mwanangu?"

"Wewe uje na mto."

Fundi aliitoa mito yote nje. Kisha akaenda kwa mganga, mwanamke mkavu asiyependa salamu ndefu, aliyemsikiliza huku akichambua maharage.

"Hili si la kufukiza," mganga alisema. "Nyumba ile ya kijiji cha juu ina jini wake. Alimpenda sana yule mama. Sasa kila siku anasikia anavyochafuliwa. Anawafanyia mnavyomfanyia."

"Mimi sikusema neno."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Haya. Nendeni mkaukane uongo pale pale uliposemewa. Atakayeukana, ataachwa, yeye na mtoto. Asiyeukana, jini atamtungia mwisho wake."

Usiku ule Fundi alimweleza mumewe kila neno.

"Nikajiumbue mbele ya wageni? Tutakula nini?"

"Mtoto anakufa, Baba Kidoti."

"Mtoto ana homa. Mpe dawa, alale."

Fundi akaona kwamba mtu huyu hata akishindwa hoja hatanyamaza. Kesho yake alimwacha Kidoti kwa jirani, akapanda mlima. Aliwakuta kwenye nyumba ya mwisho, Redio katikati, wageni wamemzunguka na kamera zao. Akawapita wote, akasimama mbele ya meko meusi.

"Anawadanganya," alisema. "Mwanamke wa hapa alikufa kwa homa, amemkumbatia mtoto wake. Hakumgusa kwa ubaya hata siku moja. Bibi, nisamehe. Nilisikia, nikanyamaza."

Wageni wakapiga makofi.

Redio alitikisa kichwa kwa furaha. "Mnaona? Damu yake bado inachemka! Wauaji wana wajukuu, jamani."

Fundi alishuka mlima akilia kwa ghadhabu. Alipofika kwa jirani, Kidoti alikuwa amekaa anadai chai. Homa imekwisha. Akambeba wakarudi kwao, na ile harufu haikuwepo tena.

Jioni Redio aliingia akipiga mluzi. "Wamekupenda kweli. Kesho nawe uje, tutaigiza wote."

Kabla Fundi hajamjibu, chumbani mwao mtu alikohoa, kama anayetaka wenzake wamsikilize.

"Na hapa ndipo alipokuwa akikaa yule baba," ilisema sauti ya Redio. "Sogeeni, sogeeni. Mnauliza alikufaje?"

Redio alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. "Mama Kidoti," alinong'ona, "waambie ni uongo."

"Waambie mwenyewe. Mdomo unao."

Alimbeba mwanawe, akatoka, akafunga mlango. Dirishani alimwona mumewe amefungua mdomo, misuli ya shingo imemtoka, akisema na kusema. Haukutoka hata mkoromo. Sauti pekee ndani ya nyumba ilitoka chumbani, na ilikuwa inaanza mwanzo, bila haraka.