Chupa ya Vidonge Kwenye Kapu la Sadaka

Maneno yale niliyasikia kwenye mazoezi ya kwaya, yakaning'ang'ania kama kupe. Eti kuna mtoto aliombewa kifafa akapona. Mama yake akaendelea kumpa dawa, ugonjwa ukarudi mara saba, kwa sababu mama alimdharau Mungu.

"Mtoto wa nani?" nikauliza.

"Wa huko. Mimi nimeambiwa tu."

Binti yangu ana kifafa. Tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haupumziki. Tulikuwa tumemwombea kanisani, na mwaka mzima hakuanguka. Sasa kila nikifungua chupa ya vidonge, maneno yale yananirudia. Je, ni mimi nitakayemrudishia ugonjwa?

Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda. Nikainua chupa. "Mwanangu amepona!" Nikaitumbukiza kwenye kapu la sadaka. Vigelegele!

Mume wangu, fundi viatu, akaninong'oneza, "Mama Chiriku, daktari umemuuliza?"

Nikamkata jicho.

Siku ya nne Chiriku alikuwa akipiga pasi sare yake. Nikasikia kishindo. Nikamkuta sakafuni, mwili umekakamaa, pasi ya moto karibu na shavu. Nikakimbilia kijiko nimtie mdomoni.

"Weka chini hicho kijiko! Utamvunja meno!"

Alikuwa muuguzi, jirani yetu wa ukuta mmoja, anayeimba nasi kwaya. Akasogeza pasi, akamlaza ubavu, akamwekea nguo laini chini ya kichwa. Akatazama saa.

"Usimkandamize. Ikifika dakika tano, hospitali."

Dakika moja. Mbili. Tatu. Sikuweza hata kuomba. Nilisema "Yesu, Yesu" tu. Ya nne, mwili ukalegea. Akapumua.

"Dawa anakunywa?" muuguzi akauliza.

"Nilizitoa sadaka. Niliogopa kumkosea Mungu."

Hakunicheka. "Dada yangu, ukishaomba riziki, jiko huwashi?"

"Nawasha."

"Unamdharau Mungu?"

"Hapana."

"Basi na dawa ni hivyo hivyo. Anayeponya ni yeye, na akili ya daktari katoa yeye. Mpe mtoto kidonge, mshukuru Mungu. Dawa hii ikikatizwa ghafla, mtoto anaweza kuanguka mfululizo hadi afe."

"Lakini nimeshuhudia mbele ya kanisa zima! Nitaitwa mwongo."

"Afadhali uitwe mwongo kuliko kumzika mtoto."

Siku hiyo hiyo tulikwenda kliniki, akaanza dawa tena. Jumapili nikasimama tena mbele ya kanisa. "Ushuhuda wangu haukuwa wa kweli. Mtoto alianguka kwa sababu nilimnyima dawa. Tunaendelea kumwombea, na vidonge anameza."

Hakuna kigelegele hata kimoja. Lakini mlangoni mama mmoja akanivuta mkono. "Shoga, baada ya ushuhuda wako nilimwachisha mume wangu dawa za presha. Tangu jana kichwa kinamuuma."

Tukamwita muuguzi, tukaenda wote mbio nyumbani kwake. Mungu ni mwema, tuliwahi kumfikisha hospitali.

Chiriku hajaanguka tena. Mimi bado nikisikia kishindo, nakimbia kumtazama. Ndiyo maana nawaandikia, wazazi wenzangu.

Msifanye haya:

Msiache dawa bila kumuuliza daktari, hata kama mgonjwa anaonekana mzima.

Msimtie anayeanguka kitu chochote mdomoni.

Msimkandamize, wala msimwache peke yake.

Msimwambie mgonjwa kwamba hana imani.

Msitoe ushuhuda wa jambo msilolipima.

Msiogope kurudi mbele za watu na kusema mlikosea.